Namna ya kuokoa kanda za vichekesho vya redio kabla hazijafa (kwa anayeanza kabisa)

Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu anakuja hapa kwangu Mwanga, Kigoma mjini, na boksi la viatu limejaa kaseti, au anapiga simu kutoka Ujiji, na maswali ni yale yale. Nicheze kwenye redio gani? Nirekodi na simu? Kanda imeota weupe nifanyeje, nikiianika juani si itakauka? (Usiianike juani, tutafika huko.) Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika saba, sasa naandika mara moja, mwenzio akikuuliza mtumie hii.

Naongelea kanda za nyumbani. Zile za baba au mjomba aliyekuwa anakaa jioni na redio kaseti, kidole juu ya kitufe cha rekodi, anangoja Pwagu na Pwaguzi waanze Radio Tanzania Dar es Salaam ili awanase. Rili kubwa za studio siziongelei, zile zina mashine zake na wataalamu wake. Watu wanazidharau hizi za nyumbani eti zina makelele, lakini wenzetu Uingereza, BBC hawakutunza vipindi vyao vingi vya vichekesho vya miaka ya 50 na 60, na baadhi vilikuja kupatikana baadaye kwa sababu tu kuna msikilizaji alijirekodia sebuleni kwake. Kwa hiyo hilo boksi lako usilitupe, na wala usimpe mtoto achezee.

Kitu kimoja ukishike kabla ya yote: kazi yako ya kwanza ni KUNAKILI, sio kusafisha. Karibu kila mtu anayeharibu anaharibia hapo, anakimbilia kuondoa mikwaruzo kabla hajapata nakala ghafi.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Mashine ya kuchezea. Deki ya zamani ya sebuleni ndo nzuri kuliko zote, ikikosekana redio kaseti yenye tundu la hedifoni. Vile vichezea kaseti vidogo vipya vya plastiki vyenye waya wa USB mi sivipendi, mwendo wao unayumba, sauti inakuwa kama mtu anaongea akiwa juu ya boti ya Kibirizi.
- Laptopu au kompyuta yoyote inayowaka, yenye Audacity. Ni programu ya bure ya kurekodi sauti.
- Kiadapta cha sauti cha USB, kile kidogo kama flashi chenye matundu mawili. Kama Kigoma mjini hukipati agiza Dar kitakuja na basi.
- Waya wa AUX, ule wenye pini pande zote mbili.
- Pamba za masikio na aisopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kusafishia vidonda tumia pale tu huna jinsi, nyingine zimetiwa mafuta na yanabaki kwenye mpira.
- Bisibisi ndogo ya nyota na ndogo ya bapa.
- Kalamu ya Bic ile yenye pembe sita. Unajua ni ya nini.
- Vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Anza kuvikusanya leo.
- Sehemu mbili tofauti za kuhifadhia, mfano hard disk na flashi.
- Kopo (yale maganda ya plastiki) kadhaa za kaseti zisizo na kazi, ziwe za kufungwa na skrubu. Zile za mahubiri zilizojirudia mara tatu zinafaa.

HATUA

1. Usicheze, angalia kwanza. Shika kanda kwenye mwanga, chungulia kile kidirisha cha katikati. Ukiona vumbi jeupe kama unga pembeni ya mkanda ulivyojiviringa, huo ni ukungu. Huku kwetu ziwani upo sana, mvua zinaanza mwishoni mwa mwaka zinaenda mpaka Aprili, na kanda ziko mvunguni pamoja na dumu la mawese. Ya ukungu weka pembeni na usiiingize kwenye mashine yako nzuri maana utaambukiza kanda zote zinazofuata. Angalia pia kama kale kakitambaa kadogo kanakosukumia mkanda kwenye hedi (kile kichuma kinachosoma mkanda) bado kapo, kakidondoka sauti inakuwa ya mbali inakuja inapotea. Na nawa mikono ndugu yangu, kuna kanda niliwahi kuletewa ina alama ya kidole gumba cha mawese mpaka kwenye mkanda wenyewe.

2. Vunja vijino. Juu ya kaseti, upande ulio kinyume na mkanda, kuna vijino viwili vya plastiki. Ukishika upande A ukutazame na mkanda uwe chini, kijino cha kushoto ndo kinalinda upande A. Vivunje vyote viwili, hapo kitufe cha rekodi hakibonyezeki tena. Naona umeshaanza kusema "mi siwezi kukosea". Na mimi nilisema hivyo. Kanda ya shemeji yangu, usiku, umeme umerudi ghafla nataka kuwahi kabla haujakata tena, nikabonyeza play na rekodi kwa pamoja kwa mazoea ya utotoni. Sekunde kama kumi hivi. Mzee wa watu anaanza kusimulia kwa nini hajalipa deni, kimyaaa, alafu unasikia watu wanacheka na hutakaa ujue walicheka nini. Na mimi ndo niliyeleta ule ukimya.

3. Safisha mashine. Chovya pamba kidogo kwenye aisopropili, futa hedi (kile kichuma kinachong'aa katikati), futa kile kipini chembamba cha chuma kinachozunguka, alafu futa ule mpira wa duara unaokibana. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, hiyo ni kutu ya kanda za watu. Rudia mpaka itoke safi, subiri dakika tano ikauke. Fanya hivi kila baada ya kanda mbili tatu, kwa kanda za zamani hata kila moja. Usitie oili popote. Nina redio moja iliyopita kwa fundi akatia mafuta ya cherehani kwenye mpira, ilikula kanda tatu mfululizo kabla sijagundua.

4. Jaribu mashine kwa kanda usiyoijali. Dakika kumi, taarabu yoyote ile. Ikimeza hiyo utashukuru.

5. Zungusha kanda yako mbele mpaka mwisho, alafu nyuma mpaka mwanzo, bila kucheza. Kanda iliyokaa miaka 20 imejigandamiza, ukiicheza ghafla inavuta vibaya. Ikisikika inalia au nzito sana simamisha, zungusha kwa Bic taratibu. Kuwa mpole zaidi na za dakika 120, mkanda wake ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Za 60 na 90 zinavumilia.

6. Unganisha. Waya utoke tundu la hedifoni la redio uingie tundu la maiki la kiadapta. Sauti ya redio iweke chini, kama 3 kati ya 10, maana lile tundu la maiki lina njaa kali na ukilijaza sauti inapasuka. Besi na trebo weka katikati. Kama deki ina Dolby (kitufe cha kupunguza mchanga wa kanda) izime, redio kaseti nyingi za nyumbani hazikuwa nayo kwa hiyo ukiiwasha unafunika sauti bure. Simu ipeleke chumba kingine, ule mlio wa tititi-tititi kabla haijaita unaingia kwenye waya na hautoki tena.

7. Linganisha hedi. Hii hatua watu wanairuka na ndo yenye faida kuliko programu zote za kusafishia. Kila redio ilirekodi hedi yake ikiwa imelala kidogo tofauti, sasa ukicheza kwenye redio nyingine sauti inakuwa kama mtu kafunikwa blanketi. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi, mashine nyingi zina kitundu cha kuingiza bisibisi huku kanda inacheza. Weka alama kwa maka peni ilipokuwa mwanzo. Alafu zungusha kidogo sana, chini ya robo mzunguko, huku na huku, masikio yako yakiwa kwenye herufi S na SH. "Shilingi", "sasa", "siku hizi". Pale S inapokata kama wembe, hapo hapo acha. Kanda nyingine ikiingia unaweza kulazimika kulinganisha upya, ndo kazi ilivyo.

8. Pima kiwango. Kwenye Audacity weka 48000 na biti 24, kiadapta kikikataa 24 weka 16 maisha yaendelee. Cheza sehemu yenye kelele nyingi, mara nyingi ni muziki wa kufungulia kipindi au pale watu wote wanapocheka, uangalie kipimo: vilele viishie kati ya -12 na -6. Vikigusa 0 sauti imepasuka na hakuna programu wala mganga wa kuirudisha. Ikiwa ndogo kidogo haina shida utaipandisha baadaye.

9. Rekodi upande mzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimamisha. Usikate matangazo, usikate taarifa ya habari iliyoingia mwishoni wala ukimya, usikate mzee anavyokohoa. Upande wa kanda ya 90 ni dakika 45, kaa nayo, sikiliza kwa hedifoni, andika pembeni dakika ya kila kitu cha ajabu. Laptopu iwe na chaji kamili na uichomoe kwenye umeme, kwanza mvumo unapungua, pili umeme ukikatika hupotezi kitu. Na redio iwe na betri mpya kama inatumia betri.

10. Hifadhi ghafi. Toa faili la WAV (sauti nzima isiyobanwa), sio MP3. Kanda nzima ya dakika 90 kwa chaneli moja inakuwa kama MB 780, ya stereo ni mara mbili, kwa hiyo panga nafasi mapema. Jina la faili liwe linaeleweka: kanda03_upandeA_ghafi. Hilo faili ukishalihifadhi HULIGUSI tena, ukitaka kuchezea unatengeneza kopi.

11. Andika karatasi yake siku hiyo hiyo. Faili dogo la maandishi, jina lile lile. Nani alirekodi, wapi, lebo imeandikwa nini neno kwa neno hata kama imekosewa, kaseti ni ya kampuni gani, umechezea mashine gani. Tarehe usibuni. Kama lebo imeandikwa "Mahoka 2" basi andika hivyo hivyo na mwaka uache wazi, alafu utafute dalili ndani ya kanda, hapa ndo mi nafurahia kuliko sehemu yoyote. Ukisikia mtangazaji anasema Radio Tanzania Dar es Salaam ujue ni kati ya 1965 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, maana ilipoingia TUT (Taasisi ya Utangazaji Tanzania) jina likabadilika na baadaye 2007 ikawa TBC. Wakitaja vita na Amin uko 1978 au 79 au baada kidogo. Utani wa walanguzi na wahujumu uchumi unakupeleka karibu na 1983. Habari ikisema Rais Mwinyi ni 1985 hadi 1995, na mtu akitaniwa "ruksa" vilevile. Vyama vingi, ni 1992 kuja huku. Ndo maana nimekwambia usikate ile habari ya mwishoni, kipande cha nusu dakika cha taarifa ya habari kinaweza kukupa mwaka kuliko lebo yenyewe. Na muulize bibi akiwa hai bado, yeye anajua ile redio ilinunuliwa kabla au baada ya mjomba kwenda Uvinza.

12. Sasa ndo usafishe, kwenye kopi. Ondoa mvumo, punguza ule mchanga wa nyuma kidogo tu. Programu ina kitufe cha kuchukua sampuli ya kelele: chagua sekunde mbili za ukimya, isome, alafu punguza desibeli 6, usizidishe 10. Ukizidisha wazee wote wanaanza kuongea kama wako ndani ya mtungi.

Kuhusu makelele ya nyumbani nina neno. Kuna dada aliniletea kanda ambayo redio moja ilirekodi nyingine kwa hewa, enzi zile waya haupo unaziweka zinatazamana kama wanaocheza bao. Jogoo yupo, sufuria ipo, na kila Pwaguzi akijibu kitu kuna mama anacheka nyuma, kile kicheko cha kujizuia cha mtu mwenye mtoto mgongoni. Dada akaniambia ondoa hayo makelele nataka kipindi tu. Nikapunguza nilivyoweza nikampa. Baada ya wiki anarudi, kaka ile ya mwanzo unayo bado? Kumbe yule anayecheka ni mama yake. Ninayo, kwa sababu ya hatua ya 10.

13. Sambaza. Nakala tatu, vifaa viwili tofauti, moja isikae nyumba moja na zingine. Mimi moja iko kwangu, moja iko kwa mdogo wangu Kasulu. Flashi peke yake sio hifadhi, flashi ni daladala. Kila mwaka fungua mafaili yote usikilize kidogo kila moja. Ya kutumia ndugu geuza MP3, na kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti.

Kuhusu kurusha mtandaoni: kaseti ni yako ila kipindi kina mwenyewe, kina waigizaji na kituo cha redio, na hakimiliki ipo kisheria Tanzania. Kusikiliza na familia ni jambo moja, kufungua chaneli ukaingiza hela ni jambo lingine kabisa, kaulize kwanza TBC na COSOTA (ofisi ya hakimiliki).

IKIGOMA

Sauti inakimbia, wazee wanaongea kama watoto. Aliyerekodi betri zake zilikuwa zinakufa, mkanda ulienda taratibu, leo unacheza kwa mwendo wa kawaida ndo unaona inakimbia. Rekebisha kwenye kopi kwa kubadili kasi, sio kubadili toni peke yake. Kama alirekodi kwa umeme kuna ujanja: fungua mchoro wa masafa utafute ule mvumo wa umeme, unatakiwa uwe hezi 50, ukiukuta uko 53 ujue kanda inakimbia kama asilimia 6. Hakikisha tu mvumo ni wa kwenye kanda na sio wa mashine yako ya leo. Na kwa Kigoma usiuamini sana, miaka mingi tuliishi kwa majenereta ya dizeli na umeme wenyewe ulikuwa unapumua.

Sauti inapanda inashuka kama wimbi. Belti ya redio imelegea au ule mpira umekauka. Peleka kwa fundi, kanda haina kosa.

Kuna kituo kingine kinaongea kwa chini, Kifaransa au Kirundi. Hiyo sio hitilafu, usiku masafa ya kati yalikuwa yanachanganyikana na vituo vya majirani, Kongo na Burundi. Haitoki. Iandike kwenye karatasi.

Unasikia watu wanaongea kinyumenyume. Ni upande wa pili unasomeka, hedi imeshuka au mkanda umejipinda ndani. Simamisha, chungulia, unyooshe kwa Bic.

Mashine imemeza kanda. USIVUTE. Zima, chomoa umeme, toa kaseti kadiri inavyotoka, alafu zungusha ule mpira kwa kidole kinyumenyume uachie mkanda. Uliokunjamana unyooshe kwa vidole safi, utacheza, utasikika una mawimbi sekunde chache basi.

Mkanda umekatika. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutane bila kupandana, bandika kwa nyuma, upande unaotazama ndani ya kaseti, ule usiogusa hedi. Tumia utepe maalumu wa kuungia kanda. Soloteipu ya kawaida gundi yake inayeyuka kwa joto na inashika mzunguko wa juu, ukiitumia iwe ni ya kucheza mara moja tu unanakili na kwisha.

Kitambaa kimedondoka au kopo limepasuka. Fungua skrubu tano, hamishia mkanda kwenye kopo zima. Piga picha kabla hujagusa, kuna vigurudumu viwili na karatasi mbili laini, usipozirudisha inalia. Kopo lililogundishwa utalipasua kwa bisibisi bapa kuanzia kwenye kona.

Ukungu. Vaa barakoa, kaa nje kivulini. Weka kanda kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha, wiki moja au mbili. Usiianike juani wala usiizike kwenye mchele: jua linapinda kopo na joto linaharibu mkanda, mchele nao unaacha vumbi. Ikikauka zungusha taratibu kwa mkono huku mkanda unapita katikati ya kitambaa laini kikavu, futa mpaka unga uishe, hamishia kopo jipya, cheza kwenye mashine mbovu mbovu uliyoitenga kwa kazi hiyo. Inachosha, kanda moja inaweza kula mchana mzima, mkanda wa dakika 90 ni karibu mita 130.

Nikishanakili nitupe kaseti? Hapana. Irudishe mwanzo, iweke kwenye kava lake, isimame wima kama kitabu, mbali na spika na mbali na dirisha, na kipakiti kimoja ndani ya boksi. Kama ulivyoiandika namba kwenye faili, andika namba hiyo hiyo kwenye kava kwa penseli.